Misumari ya Upande wa Magharibi

Wolmersrode, 8 Novemba 1964

Kaka Eckart,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mwanangu Mechthild amenipita urefu na sasa anavaa viatu vyangu bila kuomba. Viazi mwaka huu vilikuwa vichache lakini havikuoza, na paka wa Baba, yule mwizi, bado yu hai. Baba mwenyewe anakohoa. Vumbi la mawe limemkaa mapafuni na daktari amemkataza ngazi zote, hata ile ya kupandia darini. Unamjua, kwa hiyo unajua daktari aliondoka na majibu gani.

Barua hii amekuletea Shangazi Adelheid ndani ya bitana ya kofia yake. Siku hizi wastaafu wanaruhusiwa kuvuka mpaka kuja kwenu mara moja kwa mwaka, na Shangazi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kiti amejibebea mwenyewe. Ndiyo maana leo nakuandikia kama mtu. Zile za posta zinafunguliwa na watu wa serikali kabla hazijakufikia, ndiyo maana miaka mitatu umesoma habari za mvua na theluji tu. Hata mume wangu alipofariki nilikuandikia mistari mitatu, nawe ukanijibu miwili. Hilo tuliache.

Jambo lenyewe ni mnara. Mnara wa kusini wa kanisa kuu, ule ulioungua kwa mabomu, utakamilika mwakani. Upande wa magharibi uliouacha wazi, Baba aliuendeleza peke yake mpaka kifua kikamshinda, na sasa vijana wanamalizia kilele. Siku ya Mtakatifu Mikaeli tufe la shaba litawekwa juu, na fundi mkuu atapanda kwenye roshani na kofia yake ndefu nyeusi, ataita majina ya wote walioezeka vigae vyake vya mawe, atakunywa, atavunja glasi. Fundi mkuu ni nani sasa? Ni Baba, hakuna mwingine aliyebaki.

Unajua asiyetajwa siku hiyo anakuwa nini. Anakuwa hajawahi kuushika mnara. Babu alimruka mlevi mmoja tu, na wajukuu wa yule mlevi mpaka leo wanakaa benchi za nyuma kanisani. Sasa, tangu Agosti ile uliyoondoka, Baba hajalitamka jina lako hata mara moja. Akilazimika sana husema "yule". Nakuambia ili usije ukasikia kwa watu wengine. Mimi sikuombi kitu, na wewe tafadhali usiniombe.

Dada yako,
Roswitha


Goslar, 2 Desemba 1964

Dada Roswitha,

Nimeisoma barua yako nimesimama jikoni, koti sijavua. Mimi mzima. Kazi ipo, na mawe tunayoezekea huku ni yale yale yanayotoka kwenye milima yetu, kana kwamba milima nayo haijaambiwa kuna mpaka. Sijaoa. Mwambie Shangazi aache kunitafutia, kwa sababu wiki hizi alizokaa kwangu amekwisha kumhoji muuza mikate kuhusu meno yake na dini yake. Ananikosesha mikate.

Pole kwa kifo cha mumeo Volkmar. Najua nimechelewa kusema. Kwa posta sikujua niseme nini ambacho si aibu kusomwa na mtu wa tatu.

Umesema nisikuombe. Naomba. Wewe ndiye unayekaa naye, wewe ndiye unayempa supu. Mwambie anitaje. Mwambie sikukimbia kazi. Jumamosi ile nilikwenda Berlin ya Magharibi kununua misumari ya shaba kwa sababu kwetu ilikuwa haipatikani hata kwa dawa, na Baba mwenyewe alikubali kwa kutikisa kichwa. Jumapili asubuhi wakafunga mpaka. Kurudi hakuna aliyenizuia, hilo sikatai. Nilikaa kwenye benchi la stesheni, mfuko wa misumari mapajani, treni ikaja, ikaondoka. Usiniulize kwa nini sikuipanda. Nimejiuliza mwenyewe ya kutosha.

Kitu kingine. Je, amezing'oa safu zangu? Najua mafundi wa aina yake. Mtu akiacha mnara uchi katikati ya kazi, wanatoa kila kigae alichogusa. Kama amezing'oa, niambie tu, nitajua nimesimama wapi.

Shangazi anakuletea kahawa, chokoleti ya Mechthild, na mfuko mdogo mzito. Huo ni wa Baba. Ni ile ile misumari, sijautumia hata mmoja.

Eckart


Wolmersrode, 17 Januari 1965
(kwa posta)

Kaka Eckart,

Tunakushukuru kwa zawadi. Baridi ni kali, theluji imefika kwenye dirisha la jikoni. Kahawa tunaipika Jumapili tu ili idumu. Mechthild amefanya vizuri darasani na ameomba nafasi katika shule ya juu. Anataka kuwa daktari.

Mfuko mdogo umefika. Mzee aliupima mkononi, akauweka kwenye kizingiti cha dirisha, akaenda kulala. Bado upo pale.

Mengine siwezi kuyajibu. Jikinge na baridi.

Roswitha


Goslar, 28 Machi 1965
(kwa posta)

Dada,

Hamjambo? Nimekuandikia mara mbili na sijapata neno. Huku theluji imeyeyuka. Kule kwenu je? Yule mzee bado hasemi? Na ule mfuko, bado uko dirishani?

Niandikie hata habari za paka.

Eckart


Wolmersrode, 9 Mei 1965

Eckart,

Mwaka mpya, safari mpya ya Shangazi, kofia ile ile. Hatujambo. Baba alilala kitandani Aprili nzima, sasa anakaa bustanini na kugombana na kuku wa jirani. Ulitaka nikuandikie. Haya, kaa chini, na safari hii vua koti.

Alikuja Bwana Nehring wa ofisi ya wilaya. Ni mtu mpole sana, ndicho kinachonitisha. Alikaa kwenye kiti cha Baba bila kukaribishwa. Akasema mnara unaonekana kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo siku ya Mikaeli yeye na askari mmoja watapanda pamoja nasi. Akasema desturi za mafundi ni nzuri na serikali inaziheshimu. "Lakini majina ya waliotoroka nchi hayana nafasi juu ya mnara wetu, nadhani tunaelewana." Baba alikuwa anamenya kiazi, akaendelea kumenya. Ndipo Bwana Nehring akanigeukia mimi akiwa mlangoni, akaniuliza Mechthild anaendeleaje. Akasema maombi ya shule ya juu yatapitiwa vuli, baada ya sikukuu. Akasema ni mtoto mwenye akili, itasikitisha sana iwapo... Hakumalizia.

Ngoja nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Ulipobaki huko nilikuandikia kwamba nimebadilisha kazi. Sikubadilisha, nilibadilishwa. Walinitoa darasani katikati ya somo, wanafunzi wananitazama, na tangu siku hiyo naosha vyombo kwenye kantini ya stesheni, kwa sababu mimi ni dada yako. Sikulalamika kwako, na leo silalamiki. Lakini mimi nimekwisha kulipa kwa ajili yako. Mwanangu hatalipa.

Kwa hiyo sikukuombea. Nilifanya kinyume chake, na nataka ulisikie kwangu mwenyewe. Tulikuwa mezani.

"Baba, siku ile utamtaja?"

"Nani?"

"Unajua nani."

"Nipe chumvi."

Nikampa chumvi. Nikamwambia, "Baba, nataka uniahidi kwamba hutamtaja."

Akaweka kijiko chini. Alinitazama mpaka nikaona aibu, na bado sikuyafumba macho. Akasema, "Wewe ndiye unayeniomba hivyo, Roswitha?"

"Mimi."

"Haya," akasema. Akala supu yake yote, lakini chumvi hakuitia.

Sasa nichukie, una ruhusa. Ila usinidai. Kuhusu safu zako sijui, Baba haongelei na mimi sijapanda mnara tangu utoto. Mfuko bado uko dirishani, ila naona umehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Roswitha


Goslar, 30 Mei 1965

Dada Roswitha,

Niliandika barua nyingine kabla ya hii. Ilikuwa ndefu, ina maneno ambayo mama yetu angenioshea mdomo kwa sabuni. Shangazi aliisoma begani kwangu, akaichana, akasema hatabeba takataka kichwani kwake.

Ulifanya vyema. Nimekuchukia siku kadhaa, sitakuficha, nikiwa juu ya mapaa ya watu nagonga vigae kwa hasira mpaka msimamizi akaniuliza mawe yamenikosea nini. Kisha nikakuona umesimama mbele ya sinki la kantini, wewe uliyekuwa unanifundisha mimi kusoma kwa kunifinya sikio. Hukuniambia miaka yote hiyo. Ungeniambia, Roswitha. Lakini najua ningesoma nikajibu mistari miwili.

Mtoto asome. Nisitajwe. Nimesema.

Sasa na mimi nikuambie langu. Huku upande wetu kuna kilima mpakani, watu wanakuja kutazama kwenu, na wamewekewa darubini kubwa ya kulipia, unatia sarafu inafunguka. Mnara unaonekana vizuri siku ya hewa safi, hata mtu akiwa kwenye roshani. Shangazi hajui, hakuna anayejua. Kila Jumapili niko pale. Nimewatazama wale vijana wakipanda safu kwa safu, na mwaka juzi nilimtazama Baba. Alikuwa anapumzika muda mrefu katikati ya kigae na kigae. Nilikuwa nasema kwa sauti, shuka, mzee, shuka, na watalii wakanikwepa.

Siku ya Mikaeli nitakuwa pale tangu asubuhi. Usinipungie mkono wala kugeuka kunitazama, huyo Nehring wako ana macho. Nataka kitu kimoja tu. Baba avae kofia ndefu, nimjue. Na wewe funga kitambaa cha buluu. Na kama kifua chake hakitaki ngazi, asipande, hata kama nitatazama roshani tupu siku nzima. Sijui nitamwona tena lini kama si hivyo.

Ndugu yako,
Eckart


Goslar, 3 Oktoba 1965
(kwa posta)

Dada mpendwa,

Natumaini nyote hamjambo. Jumatano nilichukua likizo nikaenda kutembea kilimani. Hewa ilikuwa safi.

Nilitazama kwenye darubini ya watalii. Nikaona jengo la zamani, na juu yake mzee mwenye kofia ndefu. Alisimama wima, akainua glasi, na kwa muda mrefu kidevu chake kilikuwa kinatembea kama mtu anayesema. Halafu akainama kwa ghafla. Nikadhani anaanguka. Mwanamke mwenye kitambaa cha buluu akamshika kwapani, kisha akasimama mbele yake, na watu wote waliokuwepo wakageuka kumtazama yeye. Mmoja alinyoosha mkono kama anayetaka kuzuia gari.

Hapo sarafu yangu ikaisha na darubini ikajifunga. Nilipindua mifuko yote. Nikamwomba bibi mmoja, akatafuta taratibu ndani ya mkoba wake huku akiniuliza natoka wapi. Ilipofunguka tena, roshani ilikuwa tupu.

Niandikie kwamba mzee yu hai. Sihitaji zaidi.

Eckart


Goslar, 24 Oktoba 1965
(kwa posta)

Roswitha, hujajibu. Tafadhali. Neno moja.

E.


Wolmersrode, 14 Novemba 1965
(kwa posta)

Kaka yangu Eckart,

Salamu nyingi. Na wewe unayeifungua barua hii kabla ya kaka yangu, salamu kwako pia. Soma bila wasiwasi, haya yote mmekwisha kuyasikia, kwa hiyo sina sababu ya kusumbua kofia ya Shangazi.

Baba yu hai. Yuko kitandani, na daktari anasema hatatoka tena nje kabla ya masika, labda hata baada ya hapo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kulikuwa na jambo la Mechthild lililobidi kwanza liishe, na kwa sababu wiki za mwanzo ningekuandikia matusi. Nilikuwa nakulaani nikiosha sahani, nakulaani nikitandika kitanda. Leo naweza kuandika.

Tulipanda asubuhi. Ngazi zile za mawe unazijua, zinavyojizungusha mpaka kichwa kinazunguka nazo, na kamba ya kushikilia imelainika kwa mikono ya watu. Mbele alikwenda Bwana Nehring, nyuma yake askari, kisha Baba na mimi na wale vijana. Nilibeba kiti kidogo cha kukamulia mbuzi. Kila penye dirisha Baba anakaa, anavuta pumzi, na Bwana Nehring huko juu anasubiri na kupangusa jasho. Penye kengele Baba alikohoa mpaka nikasema tushuke. Akaniambia, "Nyamaza, Roswitha, unaniharibia pumzi." Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Niliogopa kuliko siku ya mabomu.

Tulipotoka kwenye roshani upepo ukataka kuichukua kofia yake, akaishika kwa mkono mmoja. Kwanza alinivuta upande wa magharibi, akainua kidole. Sikujua natazama nini, nikaona mawe tu. "Tazama safu za chini, vigae vilivyo duara zaidi," akasema. "Mkono wa yule. Halafu pale, vinapoanza kuchongoka, ni mimi." Na kweli, Eckart, hata mimi mjinga wa kazi nikaona. Kazi inakatika kwenye safu moja, kama mwandiko unapobadilika katikati ya ukurasa. Hakung'oa hata kigae kimoja. Nilimuuliza mbona hakuwahi kusema. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Kisha akaenda upande wa uwanja, watu wote chini wametazama juu, akaanza kuita. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini huko juu mawe yanaibeba. Kila jina, wanaume chini wanavua kofia na kuvaa tena. Akamwita Babu, akamwita Oskar, akawaita wale vijana mmoja mmoja. Akafika kwa Wendelin aliyeanguka, yule uliyekuwa ukifanya naye kazi kwenye kamba moja. Baada ya Wendelin ni wewe, kila mtu uwanjani alijua. Baba akanyamaza.

Hakuishiwa pumzi. Nilikuwa ubavuni kwake, nilisikia anayo. Alikuwa anashika ahadi niliyomwahidisha. Alisimama na glasi mkononi, mdomo wazi, na jina lako liko pale kwenye meno yake akilizuia, na ile kazi ya kulizuia ndiyo iliyomkunja. Hapo ndipo ulipomwona anainama. Nikamshika. Bwana Nehring akasema kwa upole wake ule, "Basi, mzee, umemaliza." Baba akanitazama mimi. Hakuniomba. Ni mimi niliyemfunga, na hakuna mwingine aliyeweza kumfungua.

Nikamfikiria Mechthild. Usidhani nilisahau, nilimfikiria kabla ya kufungua mdomo, naye alikuwa chini uwanjani katika viatu vyangu. Kisha nikasema. Nilisema kwa sauti ya darasani, Eckart, ile waliyoninyang'anya. "Eckart Kallmeyer, mwana wa Ludolf, upande wa magharibi." Bwana Nehring akanyoosha mkono, lakini jina lilikuwa limekwisha kushuka. Halafu mzee mmoja akavua kofia, na mwingine, mpaka uwanja mzima ukawa vichwa vitupu. Baba akanywa, akatupa glasi, tukaisikia ikivunjika kwenye mawe.

Mechthild amekataliwa shule ya juu. Karatasi ilifika kabla wiki haijaisha. Sasa anafua mashuka hospitalini, huko huko alikotaka kuwa daktari. Wiki nyingi hakusema na mimi. Juzi ameniomba nimpake mafuta mikono yake iliyopasuka kwa sabuni, na sisi wawili tukalia bila kusema tunalilia nini. Hajanisamehe, na simlazimishi. Sijui kama nilifanya vyema. Ningeulizwa leo ningeogopa tena, na nadhani ningesema tena.

Kizingiti cha dirisha ni kitupu. Nilikigundua kitupu tangu Septemba, nikadhani Baba ameuficha ule mfuko. Kumbe aliwapelekea vijana kabla ya sikukuu, akawaambia wapigilie safu ya mwisho upande wa magharibi kwa misumari hiyo na si kwa mingine.

Jana nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza kama ana neno. Akageukia ukuta, nikachukua bakuli niondoke. Akaniita nikiwa mlangoni.

"Mwandikie Eckart," akasema, "kwamba misumari imefika."

Dada yako,
Roswitha